Kuigiza elfi mtunza jadi: Somo kuhusu mila, kumbukumbu na ulimi

KATIKA michezo ya kuigiza ya ulimwengu wa fantasia, elfi ni miongoni mwa wahusika wanaowavutia sana wachezaji, hasa yule anayetoka katika jamii inayolinda jadi yake kama mboni ya jicho. Ajabu ni kwamba huyo huyo ndiye anayeharibiwa mara nyingi. Mchezaji akishaambiwa kuwa mhusika wake ni mtunza mila, basi humnunisha uso, humvimbisha kichwa, na kila anapoulizwa jambo jibu lake huwa lile lile: “Mila zetu haziruhusu.”

Mila zipi hizo? Zilianza lini? Zinalinda nini? Ukimuuliza mchezaji, hana jibu. Amepata kinyago, hajapata mtu.

Makala haya yanajadili namna mhusika wa aina hiyo anavyoweza kuigizwa akawa kiumbe kamili. Hoja yangu ni kuwa mtunza jadi hutambuliwa kwa jambo mahususi analolikumbuka na kulitenda, wala si kwa wingi wa mambo anayoyakataa. Tena ushahidi wa kwanza wa kumbukumbu hiyo umo katika ulimi wake. Ndiyo maana suala hili, ambalo kwa juujuu laonekana kuwa la michezo ya vijana, lina nafasi katika ukumbi wa lugha.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajauona mchezo wenyewe, nitaanza na maelezo mafupi. Mnamo 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu wachache huketi mezani. Mmoja huwa msimulizi: yeye hueleza mahali, hali ya hewa, maadui na wapita njia. Kila mmoja wa wale wengine huubeba uhusika mmoja. Msimulizi akisema, “Mmefika mtoni, daraja limevunjika, ng’ambo kuna moshi,” mchezaji hujibu kwa kinywa cha mhusika wake. Jambo likiwa na shaka, hurushwa dadu lenye nyuso 20 ili kuamua. Hakuna jukwaa, hakuna hati ya kukariri, na hadhira ni wachezaji wenyewe.

Walimu wa lugha wanaijua mbinu inayofanana na hii kwa jina la igizo dhima: wewe uwe daktari, mwenzako awe mgonjwa, kisha mzungumze. Tofauti ni kwamba darasani dhima hudumu dakika kumi, ilhali katika mchezo huu mtu anaweza kumbeba mhusika mmoja kwa miaka kadhaa. Mhusika huzeeka, huumia, hupata marafiki na madeni. Kwa hivyo uhusika uliojengwa kwa neno moja tu la kukataa huchosha upesi.

Elfi si elfu

Kabla hatujaenda mbali, tulitatue tatizo la jina. Neno la Kiingereza likitoholewa kwa pupa, kiumbe huyu huwa “elfu,” na hapo tunagongana na hesabu. Hebu fikiria sentensi, “Elfu elfu moja walivuka mto.” Msomaji atafikiri ni milioni! Neno letu elfu lina asili ya Kiarabu na limeshika kazi yake barabara. Ndiyo sababu ninapendekeza elfi, katika upatanisho wa viumbe hai: elfi huyu, elfi hawa, elfi mmoja, elfi elfu moja.

Wapo wanaoshauri kwamba tumwite jini au zimwi, maadamu maneno hayo tunayo tayari. Siafiki. Jini ana makao yake katika imani za watu, na zimwi ana kazi yake katika ngano: kula watu na kudanganywa na sungura. Ukimpa elfi jina la mmoja wao, umemvika na tabia zisizo zake. Neno la kutohoa lina faida moja: huja likiwa tupu, na sisi tukalijaza.

Isitoshe, elfi si mgeni kabisa miongoni mwetu. Kila Mkenya anamjua angalau Alfred mmoja. Jina hilo ni la Kiingereza cha kale na limeundwa kwa maneno mawili: elfi na shauri. Alfred, basi, ni yule aliyepewa shauri na elfi. Watu wa kaskazini mwa Ulaya waliamini viumbe hawa karne nyingi kabla ya kuwapo kwa mchezo wowote wa mezani, na maandishi ya Iceland ya karne ya 13 yanawataja elfi wa nuru na elfi wa giza.

Aliyewapa sura tunayoijua leo ni J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka wa 1892 na kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kabla yake, hadithi nyingi za watoto Uingereza zilikuwa zimewageuza elfi kuwa vijitu vidogo vya kurukaruka bustanini. Tolkien akawarudishia kimo na huzuni. Alikuwa mtaalamu wa lugha, na alishikilia kwamba lugha alizozibuni zilitangulia hadithi. Hadithi zilikuja ili lugha zipate pa kuishi. Quenya, lugha ya elfi wa daraja la juu, ilichota sauti nyingi kutoka Kifini. Sindarin, lugha yao ya kila siku, ilichota kutoka Kiwelisi. Riwaya yake The Lord of the Rings ilitoka kati ya 1954 na 1955, na waliobuni michezo baadaye walikunywa kutoka kisima hicho.

Inasemekana na niliona

Sifa inayomtofautisha elfi na mwanadamu ni umri. Kwa Tolkien, elfi hafi kwa uzee. Katika kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha mwaka wa 2014, elfi anaweza kuishi hadi miaka 750, na huhesabiwa kuwa mtu mzima anapokaribia miaka 100. Wakati huo ndipo anapojichagulia jina la utu uzima na kuacha lile la utotoni.

Tuipime miaka hiyo kwa kipimo cha nyumbani. Elfi mwenye miaka 600 leo angekuwa bado kijana asiye na jina la utu uzima wakati Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka wa 1498. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulipoanza Mombasa mwaka wa 1593, angekuwa na miaka kama 170 hivi, na huenda angekuwa na maoni yake kuhusu mawe yaliyotumika.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Kwetu sisi wanadamu, jadi ni jambo tuliloambiwa. Kiswahili kina maneno mengi ya kuonyesha kuwa habari imepokewa: inasemekana, yasemekana, eti, ati, wahenga walinena, hapo zamani za kale. Maneno haya humkinga msemaji. Yakiwa si kweli, lawama ni ya waliomwambia. Elfi hana haja kubwa ya kinga hiyo. Mengi anayoyaita jadi aliyaona kwa macho, au alisimuliwa na mama yake aliyeyaona.

Wachezaji wengi humzeesha elfi kwa kummwagia maneno ya kale. Hutafuta msamiati mgumu, hupindua sentensi, na mwishowe elfi wao husikika kama shairi lililokatwa vipande. Njia bora ni kubadilisha maneno ya ushahidi. Angalia mazungumzo haya niliyoyatunga:

“Inasemekana daraja hili lilijengwa na mfalme wa kale.”

“Alilijenga mwaka wa ukame. Mawe ya upande huu yalikuja kwa mashua, na mashua mbili zilizama.”

Elfi hakutaja mila hata mara moja. Hakutumia neno lolote gumu. Hata hivyo, kila aliye mezani amesikia kwamba anazungumza na kumbukumbu inayotembea. Kitenzi chenye -li- na maelezo mahususi vimefanya kazi ambayo misamiati kumi ya kale isingeifanya.

Njia mbili za kuwaweka wahenga

Mfano ulio wazi zaidi wa jamii ya elfi walinzi wa jadi, kwa maoni yangu, umo katika ulimwengu uitwao Eberron. Uliundwa na Keith Baker. Mnamo 2002 kampuni ya Wizards of the Coast ilitangaza shindano la kubuni ulimwengu mpya wa mchezo. Mapendekezo yapatayo 11,000 yakatumwa, na lake likashinda. Kitabu kilitoka mwaka wa 2004.

Katika Eberron, elfi walikuwa watumwa wa majitu katika bara la Xen’drik. Wakaasi, wakapigana vita virefu, kisha waliosalia wakakimbilia kisiwa cha Aerenal. Walifika huko wakiwa na swali zito: mashujaa wetu na wenye hekima wetu wamekufa na wataendelea kufa, tutafanya nini wasipotee? Katika ulimwengu huo, roho za wafu huenda mahali paitwapo Dolurrh, ambapo kumbukumbu zao hufifia mpaka zinaisha. Kwa hivyo kusahaulika ni kifo cha pili, na jadi ni dawa yake.

Elfi hao waligawanyika kwa majibu. Waereni waliamua kuwahifadhi wahenga wenyewe. Wenye hekima zaidi wanapokufa, hubakizwa katika hali isiyo ya uhai wala ya mauti, wakaketi katika Baraza la Wasiokufa katika mji wa Shae Mordai. Ibada ya walio hai ndiyo inayosaidia kuwategemeza. Kijana akitaka kujua desturi inasemaje, anaweza kwenda kumuuliza aliyeianzisha.

Watairnadal walichukua njia nyingine. Kwao, mhenga huhifadhiwa kwa kuigwa. Kijana anapofikia utu uzima, makuhani waitwao Watunzaji wa Yaliyopita huzisoma dalili na kumwambia ni mhenga gani aliyemchagua. Yeye mwenyewe hachagui. Tangu siku hiyo ana wajibu wa kuishi kama shujaa huyo alivyoishi: akipigana, apigane kwa namna yake, akisamehe, asamehe kwa namna yake. Matendo hayo ndiyo yanayoiweka hai roho ya mhenga. Waigaji wakiisha, mhenga naye amekwisha.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona jambo la kuvutia hapa. Mchezaji anamwigiza elfi, na elfi huyo naye anamwigiza mhenga. Ni igizo ndani ya igizo. Kwa Mtairnadal, kuigiza si burudani ya jioni. Ndiyo ibada yenyewe. Methali yetu isemayo mwacha mila ni mtumwa, kwake ni historia ya ukoo, kwa sababu wahenga anaowaiga ndio waliomtoa utumwani.

Wakenya wengi hawatapata shida kuelewa utaratibu huo. Katika jamii zetu kadhaa mtoto hupewa jina la babu au nyanya, na si ajabu kumsikia mama akimwita mwanawe wa miaka mitatu “baba,” kwa kuwa kitoto hicho kimebeba jina la baba yake. Huyo mtoto hakuchagua. Amekuta kiti kimeshawekwa, naye ataambiwa daima, “Babu yako hakuwa mwoga,” au, “Babu yako hakumnyima mtu chakula.” Sisemi kwamba tuwabandike elfi mila zetu. Nasema tu kwamba anayeyajua haya ana mlango wa kuingilia katika nafsi ya Mtairnadal.

Mila ikigongana na mila

Tofauti kati ya makundi haya mawili inamsaidia mchezaji kuuliza swali la msingi kuhusu mhusika wake: jamii yake inailinda jadi kwa kuihifadhi isiguswe, au kwa kuitenda upya? Mwereni na Mtairnadal wote wawili ni walinzi wa jadi, lakini watajibu jambo moja kwa njia tofauti kabisa. Wa kwanza atatafuta idhini. Wa pili atatafuta mfano.

Watu hudhani kuwa mgogoro wa mhusika wa aina hii lazima uwe kati ya mila na usasa: yeye anataka upinde, wenzake wanataka bunduki. Mgogoro huo upo, ila huisha haraka. Ulio mzito zaidi ni ule wa mila kugongana na mila.

Tuchukue mfano. Katika masimulizi ya Eberron, Watairnadal walikodiwa kama askari na nchi ya Cyre wakati wa vita vikubwa. Mwaka wa 956 wa kalenda yao, wakawageuka waajiri wao, wakajitwalia eneo na kuliita Valenar, wakidai kuwa wahenga wao waliwahi kuwa na makao huko. Wakulima wa kibinadamu waliokuwa wakiishi hapo wakajikuta chini ya mabwana wapya ambao hawakuwachagua. Hapa mlinzi wa jadi ana sura mbili kwa pamoja. Ni mrithi wa watumwa walioasi, na ni mtwaaji wa ardhi ya wengine. Madai yake yote mawili yanatoka katika jadi ile ile.

Sasa tuseme mchezaji amebuni mhenga aliyesifika kwa kuwavusha watumwa mtoni usiku wa manane, chini ya pua za majitu. Usiku mmoja binti wa mkulima anamjia elfi anayemwiga mhenga huyo. Anaomba kuvushwa mpaka, maana kamanda wa elfi amewakataza wakulima kuondoka. Afanyeje? Mila inamtaka amtii kamanda wake. Mila inamtaka pia afanye kile ambacho mhenga wake angefanya. Akisema “mila haziruhusu,” hajajibu kitu, kwa sababu mila zenyewe ndizo zinazobishana kifuani mwake.

Hapo mezani patanyamaza. Atakachokichagua hakihusiani na dadu. Akimvusha binti, atakuwa mwasi kwa watu wake na mwaminifu kwa mhenga wake. Akikataa, atakuwa askari mwema, na huenda mhenga akapungua kidogo. Mchezaji ambaye hakuwahi kujiuliza mhenga wake alifanya nini hasa hawezi kufika hapa.

Na lugha je? Ikiwa elfi huyu ameshika mafunzo, hatalitaja jina la mhenga ovyo. Atakuwa na kiapo kimoja, si vinne, na atakitumia mara chache. Atamwita binti kwa neno gani? “Mtoto wangu,” kwa kuwa amemzidi miaka 300? “Wewe,” kwa kuwa ni mtawaliwa? Au atatumia lile neno ambalo mhenga aliwaitia waliovushwa? Neno moja la kuita linaweza kutangaza uamuzi kabla mguu haujainuka.

Sauti moja iliyogawa nyumba

Kuna mfano mwingine ambao mtu wa lugha hawezi kuupita, nao ni wa Tolkien. Katika miaka yake ya mwisho aliandika insha kuhusu Fëanor, elfi mwenye kipaji kuliko wote, aliyebuni pia herufi za Tengwar. Insha hiyo ilichapishwa mwaka wa 1996, baada ya Tolkien kufariki, katika kitabu kilichohaririwa na mwanawe Christopher.

Kisa ni hiki. Katika Quenya ya kale palikuwa na sauti ya th, kama ile ya neno letu thamani. Muda ulivyosonga, Wanoldor, jamii ya Fëanor, wakaanza kuibadilisha kuwa s. Mama yake Fëanor, Míriel, alikuwa fundi wa kudarizi na aliitwa Therindë. Yeye aliishikilia sauti ya kale na kutaka jamaa zake wafanye hivyo pia. Míriel akafa Fëanor akiwa mdogo. Baba akaoa mke wa pili, Indis. Indis alitoka katika jamii ambayo bado ilitamka th, lakini baada ya kuolewa akafuata matamshi mapya ya watu wa mumewe, akasema s.

Kwa wengine lilikuwa jambo dogo. Kwa Fëanor, kila s iliyotamkwa ukumbini ilikuwa sauti ya watu wanaomfuta mama yake. Jina lake sasa lilisikika Serindë. Akaendelea kutamka th, akawafundisha wanawe, na akaifanya sauti hiyo kuwa kipimo: anayeitamka yuko nasi, asiyeitamka yuko nao. Hata herufi ya sauti hiyo, iliyoitwa thúle kwa maana ya roho, ilikuja kuitwa súle.

Anayetaka kujua namna ya kuigiza elfi mlinda jadi na aanzie hapa. Fëanor halindi “mila” kwa jumla. Analinda sauti moja, kwa sababu ya mtu mmoja, ambaye jina lake haliwezi kutamkwa sawasawa bila sauti hiyo. Mtu hata asipompenda Fëanor atamwelewa.

Pia tunaona hatari yake. Upendo kwa mama uligeuka kuwa mtihani kwa wengine. Tolkien aliuita mtihani huo kwa neno la Biblia, Shibolethi. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi waliwasimamisha Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani na kuwataka watamke neno hilo. Waliosema s badala ya sh waliuawa. Idadi iliyoandikwa ya Waefraimu walioanguka wakati huo ni 42,000.

Sisi walimu wa Kiswahili tunakaa karibu na mto huo kuliko tunavyodhani. Wanafunzi wengi nchini husema “samani” wakimaanisha thamani, “hadisi” wakimaanisha hadithi, na “zahabu” wakimaanisha dhahabu. Kuna sababu nzuri ya kuwarekebisha. Thamani ni kima cha kitu. Samani ni meza, viti na makabati. Mtu akitangaza “samani ya nyumba,” sijui kama anauza nyumba au viti vilivyomo. Tena sauti hizo zinabeba historia ya maingiliano ya pwani yetu na Uarabuni. Hiyo ni jadi yenye sababu, na inaweza kuelezwa kwa mtoto wa darasa la nne akaelewa.

Lakini mwalimu anayemsimamisha mtoto mbele ya wenzake, akamtaka aseme “dhahabu” mara tatu huku darasa likicheka, ameacha kulinda sauti. Anasimamia kivuko. Mtoto huyo hatajifunza dh, atajifunza kunyamaza.

Lugha ya sherehe

Kwa Tolkien kuna tukio jingine la kuzingatia. Fëanor na watu wake walipohama, waliwaua ndugu zao elfi ili watwae merikebu zao. Mfalme Thingol, jamaa wa waliouawa, alipopata habari, alipiga marufuku Quenya isisemwe katika milki yake. Waliohamia huko wakaishika Sindarin kwa shughuli za kila siku, na Quenya ikabaki kuwa lugha ya elimu na sherehe, mfano wa Kilatini huko Ulaya.

Mchezaji anayemwigiza elfi wa uhamishoni ana maswali mazuri hapa. Mhusika wake huhesabu pesa kwa lugha ipi? Akijikwaa kidole, hulalama kwa ipi? Akiwa na homa, humwita mama yake kwa ipi? Ikiwa lugha ya wahenga huitumia tu wakati wa kuapa na kuimba, basi tayari amepoteza zaidi ya anavyokiri. Elfi anayejivuna kwa lugha asiyoweza kuinunulia chumvi ana jeraha, na jeraha hilo ni la kuigizwa kwa uangalifu, si kwa majivuno.

Ninapoyasema haya siwezi kujizuia kufikiria lugha zetu. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inaitaka Serikali kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za Wakenya, pamoja na kuendeleza matumizi ya lugha za kiasili. Kila mwaka, kwenye tamasha za muziki za shule, tunawasikia watoto wakiimba kwa lugha za jamii mbalimbali, wamevaa vizuri, wanacheza kwa ustadi. Tunawapigia makofi, na wanastahili. Ila wapo miongoni mwao wasioweza kumwomba nyanya yao maji kwa lugha waliyoiimba. Hiyo ndiyo Quenya baada ya marufuku ya Thingol, na hapa kwetu hakuna mfalme aliyepiga marufuku majumbani. Tumeifanya kazi hiyo wenyewe, taratibu, sebuleni.

Ndipo ninapowaonea fahari vijana wanaoketi mezani na madadu yao, hata kama wazazi wao wanaona wanapoteza wakati. Anayemwigiza elfi mtunza jadi kwa dhati hulazimika kujiuliza maswali ambayo wengi wetu hatujiulizi: ninakumbuka nini hasa? Nilikipokea kutoka kwa nani? Ninakitenda vipi leo, mbele ya mtu huyu, katika hali hii?

Walimu wanaweza kuyachukua maswali hayo matatu yalivyo na kuyapeleka darasani. Mpe mwanafunzi dhima ya mzee wa miaka 600 aliyeyaona mambo kwa macho yake, umkataze kutumia “inasemekana,” kisha umwache asimulie namna kisima cha kijiji kilivyochimbwa. Atahitaji vitenzi, majina ya zana, majina ya watu, na misimu ya mvua. Vingi hatakuwa navyo. Itabidi aende nyumbani akamuulize nyanya yake, na nyanya, kama bahati ipo, atamjibu kwa lugha yake.